Matofali ya Majivu Yaenda Ukweni

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu lilikwisha fungiwa maandazi, namfupishia hapa hapa.

Mimi ni Emerensiana wa Matiri, yule mnayemwita Bibi Majivu. Nafyatua matofali kwa majivu ya makaa ya mawe ambayo kiwanda kimoja huku kwetu kilikuwa kikiyamwaga korongoni kama takataka. Nayachanganya na chokaa, mchanga na saruji kidogo tu, kiasi cha kutia ladha. Saruji ya dukani huchomwa kwenye tanuri la moto mkali, na moshi wake ni miongoni mwa hiyo inayoharibu hali ya hewa. Majivu yangu yamekwisha chomwa, hayadai moto wa pili.

Kwenye majivu hayo hayo ndiko nilikompata mchumba. Cleopa ni dereva wa lori la makaa, Mnyasa wa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, Mwanglikana wa kubatizwa utotoni. Nililisimamisha lori lake nikiwa nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, naye akadhani nimefufuka siku hiyo hiyo. Alipogundua kwamba mimi ni mtu, akashuka kunisaidia kupakia. Mengine mnayajua.

Wiki jana niliwasimulia jinsi mjomba wake, Mzee Allen, alivyonipa mtihani. Baba yake Cleopa ni marehemu, kwa hiyo mzee huyo ndiye mwenye neno kwenye ule ukoo. Ziwa limepanda miaka hii, limekula shamba lao la muhogo, na sasa linanyemelea jiko. Familia inataka ukuta wa kulizuia.

"Majivu kanisani tunapakwa Jumatano moja kwa mwaka," aliniambia. "Wewe unataka tuishi nayo mwaka mzima. Haya, lete matofali yako. Yakistahimili maji, nitasimama kanisani kumkabidhi Cleopa. Yakiyeyuka, rudi kwenu kwa amani, na harusi hakuna."

Cleopa alisema angenioa hata mjomba akinuna mpaka uzeeni. Mimi ndiye niliyekataa. Sikutaka kuingia kwenye ukoo wa watu kwa kupitia dirishani.

Nikafyatua. Wallahi, yalikuwa matofali ya kupigia picha, pembe zimekaa sawa, sura zimenyooka. Hata Damiano, jirani yangu mwenye kiwanja cha matofali ya saruji pale barabarani, ambaye siku zote hunitania kwamba nimuuzie majivu ya kusugulia sufuria, alikuja akayatazama na kuondoka bila utani. Nilijua nimeshinda.

Nilikuwa sijashinda. Malaria ilikuwa njiani inakuja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana balaa lote limetokana na hili. Tofali la majivu lina maringo yake. Majivu na chokaa havizoeani haraka. Vinataka kukaa pamoja kivulini vikiwa vimelowa, magunia mabichi juu yake, maji asubuhi na maji jioni, kwa majuma kadhaa. Ukilikausha mapema, linaacha kukomaa. Linabaki na sura ya tofali na nguvu ya andazi.

Nilikuwa nimeyamwagilia siku chache tu homa iliponiangusha. Nikapelekwa hospitali mjini Mbinga nikiwa natetemeka hadi kitanda kikahama ukutani. Mama yangu, Scholastica, alikuja na uji. Mimi uji sikuuona, niliyaona matofali.

"Mama, matofali."

"Yamefanya nini?"

"Hayana mtu. Wewe na akina mama Ephrasia, nawaomba, yatunzeni."

"Tuyatunze vipi?"

Dripu inaingia, masikio yanavuma, kichwa kimegawanyika vipande. Natafuta neno ambalo mama angelielewa mara moja, mwanamke aliyezaliwa kwenye kahawa na kusomesha watoto wote kwa kahawa. Nikalipata.

"Yatunzeni kama kahawa yenu."

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi lala, mwanangu. Umemaliza."

Na kweli, nilikuwa nimejimaliza.

Nilitoka hospitali miguu ikiwa haijanizoea. Ephrasia, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama wa kahawa kijijini kwetu, alinipokea njiani kwa vigelegele. Akanivuta mkono hata kabla sijaweka mfuko chini.

"Njoo uone! Njoo uone wenzako walivyofanya!"

Nilikwenda. Nikaona. Nikashika mti.

Matofali yangu yote yalikuwa juani, juu ya vichanja vya kuanikia kahawa. Yamepangwa kwa mistari, na nafasi kati yake ili upepo upite. Yale yenye ufa yametengwa pembeni, kama wanavyotenga kahawa mbovu. Mama alikuwa akipita na kuyageuza moja baada ya jingine, kwa upole wa mtu anayegeuza mtoto usingizini.

"Kila saa tunayageuza," Ephrasia alisema. "Mchana jua likizidi tunayafunika na wavu yasipasuke. Tungeyang'ata tujue kama yamekauka sawasawa, ila meno yenyewe ndiyo haya."

"Mliyamwagilia maji?" niliuliza. Sauti yangu niliisikia inatoka mbali.

Wakacheka wote. Ephrasia akashika kifua.

"Maji? Sisi ni wa kulowesha kitu kilichokwisha anikwa? Umande ukianza tu kushuka tunafunika. Siku moja turubai halikutosha, mama yako akaleta shuka la kitandani kwake."

"Shuka la sikukuu," mama aliongeza, kwa unyenyekevu.

Nikalinyanyua tofali moja. Lilikuwa jepesi, zuri, kavu kabisa. Nikabana pembe yake kwa vidole viwili, nayo ikabaki mkononi kama kipande cha keki. Nikabana la pili. Keki tena.

Nilikaa chini nikalia. Nililia kwa sauti, bila aibu, mikono imejaa unga.

"Unalia nini?" mama aliuliza. "Yamekauka vizuri."

Nikawaeleza. Niliwaeleza taratibu, nikijifuta makamasi kwa kanga, kwamba tofali hili ni kinyume cha kahawa; kahawa inaharibiwa na maji na hili linaharibiwa na ukavu. Kicheko kilikwisha. Mwanamke mmoja akaanza kuyashusha kwenye kichanja bila kuambiwa, kama anayeficha ushahidi.

Mama alijifuta vumbi la mikono kwenye kanga.

"Ulisema kama kahawa," alisema mwishowe.

"Nilisema, mama."

"Kahawa yangu haijawahi kurudishwa na chama cha ushirika hata mara moja."

"Najua, mama."

"Basi tuliyatunza."

Walikuwa wameyatunza kuliko nilivyowahi kutunzwa mimi. Kosa lilikuwa kwenye ulimi wangu, na hata malaria siwezi kuisingizia yote.

Hapo hapo simu ikalia. Cleopa.

"Eme! Umepona? Habari njema! Mjomba amekwisha ita mafundi, msingi umechimbwa. Mimi kesho nashuka na lori tupu, napita kwenu kupakia. Jiandae na mama, mnashuka wote!"

Nilitaka kumwambia. Mdomo niliufungua. Mtandao ulikuwa safi kabisa, hata kisingizio hicho sina.

"Sawa," nikasema.

Ndugu msomaji, neno lile "sawa" limenigharimu kuliko yote niliyowahi kusema, ukiondoa lile la kahawa.

Niliwaambia akina mama wayarudishe kivulini na kuyamwagilia maji mpaka niwaambie basi. Nilijua siku moja haitoshi. Asubuhi nikaenda mjini kutafuta majivu mapya, ili Cleopa akifika nimwambie ukweli pamoja na mpango: tufyatue upya, tungoje majuma kadhaa, tushuke kwa heshima. Kiwandani nikaambiwa mwenye ruhusa ya kutoa majivu amesafiri. Nikangoja kwenye benchi. Nikangoja tena. Jua lilipopinda nikakata tamaa, nikapanda bodaboda kurudi.

Nilipofika nyumbani, lori lilikuwa limekwisha pakiwa.

Turubai limefungwa kwa kamba, injini inanguruma. Cleopa yuko kwenye usukani anatabasamu. Mama kaketi mbele, kitenge cha Jumapili, rozari mkononi.

"Mama! Haya matofali..."

"Yameshika," mama akasema, akiangalia kioo cha mbele.

"Yameshika vipi?"

"Tumeyamwagilia. Yameshika. Panda tuondoke."

Nilikanyaga gurudumu, nikainua pembe ya turubai, nikagonga tofali la juu. Likaita kama kengele, dalili ya kukomaa. Nikagonga jingine. Likaita vile vile. Nikajaribu kulinyanyua kwa mkono mmoja, likanishinda. Nikajiambia: limekunywa maji.

Hebu nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi, ninayewafundisha watu kwamba tofali la majivu halina haraka, niliamini kwamba limekomaa kwa siku moja baada ya kuharibiwa wiki nzima. Kwa sababu gani? Kwa sababu nilitaka. Nilitaka kuolewa, nilitaka majivu yangu yasimame, na nilikuwa nimechoka kulia. Siku ile ungeniambia ng'ombe wa jirani kazaa mbuzi, ningeuliza tu ni dume au jike.

Tukaondoka. Mama alisali rozari nzima kutoka kwetu hadi mjini, akaanza nyingine tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani, na wala haukuwa Oktoba, mwezi wa rozari. Kwenye kona za mteremko lori lilikuwa likilalamika kwa breki.

"Eme," Cleopa akasema, jasho linamtoka, "majivu yako leo yana uzito wa dhambi."

"Nyamaza uendeshe," mama alimkemea.

Nilishangaa. Mama hajawahi kumkemea Cleopa. Nikadhani ni woga wa mteremko.

Chiwanda walitupokea kwa nderemo. Nikapiga magoti mbele ya Mzee Allen.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti. Umepungua. Homa?"

"Homa, mjomba."

"Na matofali je, yenyewe yana afya?"

Watu wakacheka. Mzee akazunguka lori, akachagua matofali mwenyewe, moja juu, moja katikati, moja chini kabisa, ili nisije nikawa nimeficha mabovu. Akili ya mfanyabiashara wa samaki, nikasema moyoni.

"Huku kwetu kitu kipya hatukisifu kikiwa kikavu," aliwaambia wote. "Boti mpya tunaizamisha kwanza. Mbao zinywe, zivimbe, zifungane. Ndipo tunajua aliyeiunda ni fundi au ni mpishi. Haya nayo yatakwenda majini. Jumapili baada ya ibada tutayatoa."

Wakayafunga kamba za nyavu na kuyazamisha mbele ya jiko, pale maji yanapofika kiunoni.

Siku zile za kungoja zilikuwa tamu, sitaficha. Mawifi walinifundisha kukaanga usipa, dagaa wa ziwani, mpaka wawe wakavu bila kuungua. Shangazi zake Cleopa walitaka kujua kama ni kweli sisi wa milimani tunalima mashimoni, nikawachorea mchangani ngoro, mashimo yetu ya kulimia, wakasema huo ni ufundi wa fuko. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama peke yake hakucheka. Chakula alikuwa akikigusa na kukisukuma, akasema ni joto la ziwani.

Jumamosi jioni mzee aliniita tukatembea ufukweni. Alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akasimama.

"Hapa palikuwa na nyumba ya mama yetu," alisema. "Hapa nilipo palikuwa mlangoni."

Nami nikavua viatu, nikaingia kusimama kando yake.

"Binti, unaniona mkorofi. Ukuta wa kwanza niliujenga mimi, kwa mawe na udongo. Niliita watu, nikachinja mbuzi, nikajisifu. Ziwa liliuchukua msimu mmoja. Mpaka leo nikipita vijana wanasema, yule ndiye fundi wa ziwa. Siogopi majivu yako. Naogopa kuita watu mara ya pili."

Nilimpenda mzee yule pale pale. Kabla ya hapo nilitaka tu anikubali. Tangu saa ile nilitaka awe na ukuta. Nikamwambia, "Mjomba, safari hii hutaaibika."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu, ule wa kahawa.

Jumapili, baada ya ibada, kijiji kizima kilikuwa ufukweni na nguo za kanisani. Matofali yakatolewa majini. Mzee Allen, ndani ya suti yake nyeusi, akayapanga juu ya jiwe, akaomba nyundo.

Pigo la kwanza. Nyundo ikaruka.

Pigo la pili, kwa nguvu zaidi. Likatoka kijiwe kidogo cha pembeni, tofali likabaki kama lilivyo.

Akapiga tofali la pili na la tatu. Yote yakasimama. Mzee akaiweka nyundo chini, akanigeukia, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakuyafuta.

"Mwanangu," alisema. Mara zote aliniita binti. "Mwanangu, umenitoa aibu."

Vigelegele! Mawifi wakanifunika kanga, Cleopa akarusha kofia yake ikaangukia majini. Mzee akapaza sauti akamwita fundi alete mwiko, saruji ya kujengea ilikuwa imekwisha changanywa. Tofali la kwanza liwekwe na bibi harusi mwenyewe, akasema, ili wajukuu waje waonyeshwe.

Nikapewa tofali. Nikalikumbatia, nikainama kwenye msingi. Hapo ndipo mama aliponivuta kanga kwa nyuma.

"Eme."

"Mama, si sasa."

"Eme, hilo si lako."

Nilibaki nimeinama vile vile.

"Si langu namna gani?"

"La Damiano," alinong'ona. "Nilikwenda kwake ulipokuwa mjini. Nikamwomba tubadilishane, yake nichukue, yako abaki nayo. Akina mama wakasaidia kuyabeba, tukayapaka majivu yafanane kabla Cleopa hajafika. Sikuweza kukuona ukilia vile, mwanangu. Na mimi ndiye niliyeyaanika."

"Mangapi, mama? Mangapi kati ya haya si yangu?"

Mama aliifumbata rozari kiganjani.

"Yote."

Tofali mikononi likazidi uzito. Halikuwa limekunywa maji hata kidogo. Ni zito kwa sababu ni saruji ya dukani, na kila mtu pale, kasoro mimi na mama, alikuwa akishangilia majivu.

Nitawaambieni nilichokifikiria, kwa kuwa hapa ndipo mahali pa kusema. Nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Ukuta ungesimama. Mzee angepata heshima yake. Ningeolewa, mama angekula. Kilichonizuia ni kitu cha kijinga: niliona watu wakiletwa miaka yote kuonyeshwa ukuta huu, wakiambiwa haya ni majivu, tazameni maajabu ya majivu, nao wanaondoka wamedanganywa. Na mimi nimesimama kando natabasamu, nikiwa nimeolewa kwa matofali ya Damiano. Basi bora wangemwoa Damiano.

Nikasimama wima. Tofali nikaliweka chini, nje ya msingi.

"Mjomba, fundi asianze."

"Kuna nini?"

"Hili si langu. Wala lile. Lori zima hakuna langu hata moja. Ni ya saruji, yamepakwa majivu juu. Sikujua, mjomba, lakini nilipaswa kujua, maana niliyagonga na kuyanyanyua, na nikakubali kujidanganya."

Cleopa, aliyekuwa majini akiokoa kofia, alisimama nayo inadondosha maji.

Mama akapiga magoti mchangani. "Ni mimi, mzee. Mtoto hana kosa. Ni mimi."

Mzee Allen aliliokota tofali. Akalisugua kwa kidole gumba, akatoa kisu mfukoni, akakwangua. Alitazama ndani ya ule mkwaruzo kwa muda mrefu.

"Na yako yako wapi?"

"Matiri."

"Mazima?"

"Yalianikwa juani kabla ya wakati, mjomba. Kama kahawa." Nikasikia mtu anaguna nyuma. "Yakipata maji tena huenda yakaendelea kukomaa. Huenda."

"Yatasimama?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mjomba."

Niliinamisha kichwa kungoja matusi. Hayakuja. Mzee aliketi juu ya lundo la matofali, suti na vumbi lake, akavuta pumzi.

"Ungeniambia unajua, ningekufukuza sasa hivi," alisema. "Mimi nilijua, mara ile ya kwanza. Nilijua kabisa. Na ziwa likachukua." Akasimama. "Mama, inuka hapo, mchanga una moto. Cleopa! Toka majini, washa lori. Tunapanda Matiri."

"Leo, mjomba?"

"Leo. Nataka kuyaona kwa macho yangu na kuyapiga kwa nyundo hii hii. Neno langu ni lile lile. Yakisimama, harusi. Yakimong'onyoka, hakuna harusi. Anayetaka kushuhudia apande."

Nani asiyetaka? Matofali yaliyobaki yalishushwa kwa mkupuo, shangazi wakapanda, mawifi wakapanda na sufuria ya wali, mtu akaanzisha wimbo. Cleopa alipita karibu yangu akaniminya bega, suruali inachuruzika. "Nimependa ulivyosema," alininong'oneza, akakimbilia usukani. Mwili wote ulikuwa mwepesi. Tangu nitoke hospitali sikuwahi kujisikia mzima kiasi kile. Nikamgeukia mama. Alikuwa bado pale pale, hajasogea.

"Mama, twende."

"Hatuwezi kwenda, mwanangu."

"Mambo yote yamekwisha kuwa wazi. Tunaogopa nini tena?"

"Ephrasia alipiga simu asubuhi." Mama aliifunga rozari kwenye pindo la kitenge. "Matofali yako hayapo tena kwenye kiwanja cha Damiano. Ameyajengea."

"Ameyajengea nini?"

"Banda."

"La kitu gani, mama?"

Mama alimtazama Mzee Allen, ambaye alikuwa akisaidiwa kupanda mbele, akikung'uta suti.

"La nguruwe," alisema. "Lile dume lake kubwa, linalovunja mabanda yote ya mbao. Limehamia jana. Ephrasia anasema usiku kucha linajisugua kwenye ukuta, na Damiano analimwagia maji asubuhi na jioni lisisikie joto, banda zima linalowa chepechepe."

"Na ukuta? Mama, ukuta umesimama?"

"Simu ilikatika."

Honi ikalia. Juu ya lori walikuwa wamefika ubeti wa pili. Mzee Allen akatoa kichwa dirishani, nyundo iko mapajani, sauti ya mtu aliyekwisha samehe nusu na anayetaka kumalizia nusu nyingine.

"Haya, wakwe zangu!" aliita. "Nani anakaa na mimi mbele, anifikishe moja kwa moja kwenye hayo matofali?"